Likizo na watoto Gombe: chagua banda kwa ajili ya atakayebaki nyuma

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tabora aliniandikia: "Dada, shule zikifungwa Juni tunakuja Kigoma na watoto wanne pamoja na mama mkwe wangu. Tunataka tukalale Hifadhi ya Gombe, kwenye mabanda. Nimetumiwa picha hizi, nichague lipi?" Nikazifungua picha. Nzuri zote. Zote zimepigwa kwa nje, ziwa linang'aa pembeni, na hakuna hata moja inayoonyesha choo.

Dada yangu, umekuja kwa mwenye jambo lake moyoni. Sisi ndiyo kwanza tumerudi kutoka huko huko, na tumerudi tunacheka, kwa hiyo vumilia nikujibu kwa kirefu.

Kabla hujauliza banda lipi zuri, uliza nani atabaki. Gombe watu wanakwenda kuwaona sokwe, na watoto wadogo hawapelekwi kwa sokwe. Si roho mbaya ya askari wa hifadhi. Sokwe wanaambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 polio iliingia kwao ikawaua na kuwalemaza kadhaa, na mafua ya mtoto wa chekechea yanaweza kuwa msiba kwa kundi zima. Halafu kuna la pili, ambalo wengi hawapendi kulisema mbele ya watalii: mwaka 2002 dume mmoja mkubwa, Frodo, alimnyakua mtoto mchanga mgongoni kwa aliyembeba njiani msituni, akamuua. Sokwe huwinda kima wadogo, na mtoto wa binadamu machoni pake hana cheo. Kwa hiyo siku ile ile unayouliza bei, uliza na umri unaoruhusiwa, kisha hesabu watoto wako wangapi hawaufikii.

Ukishahesabu utaona kwamba katika familia yoyote yenye mtoto mdogo, kuna mtu mzima ambaye likizo yake itakuwa ndani ya banda. Wengine wanaondoka asubuhi na mwongozaji, wanapanda mabonde, na sokwe wakiwa mbali wanarudi mchana umeshapinda. Hao banda kwao ni kitanda tu. Anayebaki ndiye mpangaji wa kweli. Mchagulie yeye.

Najua wengine mnasema mambo ya Gombe si yenu, ninyi mnakwenda Dar watoto wakacheze kwenye maji kule Kunduchi. Ni yale yale. Kwenye ile michezo ya kuteleza kutoka juu mtoto mfupi haruhusiwi, mwenye mimba haruhusiwi, na wa miaka miwili lazima alale mchana atake asitake. Yupo atakayebaki na mikoba na chupa za uji.

Hili nimelijua kwa kutendwa. Mwaka jana wifi yangu alikuja likizo kutoka Dar, akasema safari hii atapanga yeye, sisi wa Kigoma tumezoea vya bure hatujui kuchagua. Akachagua mahali ufukweni, jina nalihifadhi, kwa picha za kwenye simu. Kweli lilikuwa banda la kupigiwa picha. Lakini paa lilikuwa la bati bila dari, uso wake umeelekea ziwani, na choo kiko juu ya kilima, ngazi za mawe zisizo na pa kushika. Mama mkwe ana magoti mabovu. Kitinda mimba wangu alianza kuharisha usiku wa kwanza.

Wenzangu walikwenda kuogelea, wakaenda kwenye miamba, wakaenda na mtumbwi. Mimi nilikuwa napanda ngazi na mtoto, nashuka, napanda na mama, nashuka. Jioni wifi akaweka picha kwenye kundi la familia na maneno "Likizo ya ukoo". Simo hata kwenye moja. Kisha akaniambia, na wala hakuwa na nia mbaya, hilo ndilo linaloniuma zaidi: "Wewe na mama leo mmepumzika kweli kweli."

Sikujibu. Najibu leo.

Kwanza, jua. Sisi ziwa letu, Tanganyika, liko magharibi. Kila mtu anataka banda linalotazama maji, na hakuna anayekumbuka kwamba kuanzia saa tisa jua linakuja lote usoni kwako, na maji yanalirudisha mara ya pili. Ufukwe wa Gombe wote uko hivyo: nyuma ni kilima kikali kinachokuchelewesha kupata jua la asubuhi, mbele ni ziwa linalokuchoma hadi jioni. Asubuhi ni baridi nzuri, mtoto acheze nje. Mchana unataka mti. Safari hii ya Gombe, nilipopiga simu kuweka nafasi, sikuuliza mandhari, niliuliza: kibarazani kuna kivuli saa kumi? Kijana wa upande wa pili alicheka, akaenda kuuliza wenzake, akarudi akaniambia lipi liko chini ya miti. Hilo ndilo tulilochukua. Halionekani vizuri kwenye picha kwa sababu miti imelificha, na ndiyo maana lilikuwa bado halijachukuliwa.

Pili, wavu. Usidharau banda lenye wavu wa chuma madirishani na kibarazani ukasema linafanana na jela. Nyani wa Gombe hawamwogopi mwanamke mwenye fagio. Wanashuka ufukweni kwa makundi, wanajua kitasa kinavyofunguka, na wakiingia kwako wanaanza na mkate. Sisi tulikaa ndani ya wavu kama kuku kwenye tenga, na nyani dume akaja kuketi ngazini akamtazama mama mkwe akimenya ndizi mbivu. Mama akamtolea maneno ya Kiha ambayo sitayaandika hapa. Mtoto alicheka mpaka akakosa pumzi, na hadi leo anaigiza. Yule mtoto hakumwona sokwe hata mmoja, lakini ukimuuliza habari za Gombe hatakupa nafasi ya kusema.

Na wavu huo una historia yake. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, alimlea mwanawe pale pale Gombe. Mtoto alizaliwa 1967, wakamzoea kwa jina la utani, Grub. Mama huyo ambaye dunia nzima inamjua kwa kuwapenda sokwe alimjengea mwanawe kizuizi cha kumlinda dhidi ya hao hao sokwe, na baadaye wakaishi kwenye nyumba ya ufukweni iliyozungushiwa wavu. Mapenzi yako pale, na akili iko pale. Halafu wewe unaona haya kulala ndani ya wavu!

Nikiwa bado kwake: mnawasimulia watoto kwamba Jane alifika Julai 1960, msichana wa miaka 26, akaenda peke yake msituni. Hakwenda peke yake. Serikali ya kikoloni ya wakati huo haikukubali msichana akae kule bila mwenzake, ndipo akaja na mama yake, Vanne. Binti anapanda vilima, mama anabaki hemani. Na mama hakukaa bure, aliwagawia dawa wavuvi waliokuwa ufukweni, watu wakawa wanakuja kwake na vidonda na homa zao, na ujirani ukaingia. Binti aliweza kuzunguka vilimani kwa amani kwa sababu chini kulikuwa na mtu. Mwaka ule ule Jane akamwona sokwe dume aliyempa jina David Greybeard akivua mchwa kwa unyasi, anatumia kifaa kama binadamu, habari ikazunguka dunia. Ya Vanne wanaijua wachache. Mimi nilipoisikia nilisema, huyu ndiye wangu.

Basi jiulize mama mkwe wako wa Tabora atakuwa anafanya nini saa nne asubuhi ninyi mko juu. Anahitaji kiti chenye mgongo, maana kigoda kitamuumiza. Anahitaji choo cha ndani, au kilicho sawa na ardhi, na taa ya usiku. Umeme wa kule usiuhesabie kama wa mjini. Uliza unawaka saa ngapi hadi saa ngapi, kisha beba tochi kana kwamba hawajakujibu. Uliza vitanda vingapi na kama wanaruhusu godoro la chini, kwa sababu "banda la familia" kwa wenye mabanda ni baba, mama na watoto wawili, na sisi watu wa huku hatujawahi kuwa hivyo. Chandarua kiwe kwa kila kitanda.

Jiko ndilo lilinipa kazi kulizungumzia. Gombe hakuna barabara, gari haifiki, na duka la kukimbilia halipo. Usichokibeba kutoka Kigoma mjini hutakila. Sasa ukisema utanunua chakula kilichopikwa, sawa, lakini mtoto wa miaka minne na bibi wa miaka sabini hawasubiri ratiba ya wageni. Mimi nilitaka banda lililo karibu na mahali pa kupikia, nikauliza moto ni wa nini na nani anaosha vyombo. Tulibeba unga wa muhogo, mchele, mawese, samaki wa migebuka waliokwisha kukaangwa na ndizi ambazo nyani alizitamani. Vyote kwenye vikapu na ndoo zenye mifuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, na hata isingepigwa, nyani anaichana kwa kidole.

Basi siku ya kwanza mama mkwe na mtoto walibaki, mimi nikapanda na mwanangu mkubwa aliyemaliza kidato cha nne. Ziwa lenyewe liko mita 773 juu ya usawa wa bahari na vilele vya hifadhi vinapita mita 1,500, na hapo katikati hakuna tambarare ya kupumzikia. Nilipanda kwa mikono na magoti. Nilimwona sokwe jike akimchambua mwanawe manyoya, ametulia, hana habari na sisi. Nililia, sioni haya kusema. Nimeishi Kigoma maisha yangu yote, nimeuza vitenge hapa mjini, Mwanga, kwa Wazungu wanaotoka kuwaona, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi.

Siku ya pili baba watoto alibaki.

Hapa naomba kina baba mnisikilize, msiruke aya hii. Kubaki si kazi ya mwanamke tu. Ukikuta banda ambalo wewe mwenyewe usingekubali kukaa ndani yake kuanzia asubuhi hadi alasiri na mtoto anayelia na mama yako anayetaka chai, basi hilo banda usilichukue. Yule bwana wangu alikaa siku moja tu, na jioni ndiye aliyesema kiti kile kingekuwa na mto kingefaa zaidi. Alikuwa hajawahi kuwaza habari za mto. Na kina dada, mwacheni. Msimwandikie orodha, msimpigie simu kutoka kilimani. Hata hivyo mtandao unasumbua. Mtoto atakula ugali mkavu siku moja na hatakufa. Tumejifanya hatuwezi kuachiwa nafasi, kisha tunalalamika hatukuachiwa.

Na haya mambo ya kuchagua mahali kwa ajili ya picha za kundi la familia, tuyaache. Mnatoka Tabora kwa treni, mnalipita giza la Urambo na Kaliua, mnaamka Uvinza na vumbi masikioni, mnafika Kigoma mmechoka, halafu mwenzenu mmoja anawekwa kwenye tanuri ili wifi apate picha nzuri? Hapana.

Sasa yako wewe, dada. Juni ni kiangazi, njia za kilimani hazitelezi, lakini upepo wa kusi unavuma na ziwa linachafuka. Boti za abiria zinatoka Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, mchana na zinakwenda taratibu na mizigo yao. Kwa bibi na watoto jichangeni mkodi boti ya asubuhi, na kila mtoto awe na jaketi okozi lake la saizi yake kabla boti haijang'oa nanga. Msiogelee penye mawe, nyoka wa maji wanakaa humo, wala penye majani na maji yaliyotuama, kuna kichocho. Kitambulisho cha taifa usikisahau, ndicho kinachokupa bei ya mwananchi, na malipo ya hifadhi ni kwa namba ya malipo, si noti mkononi.

Katika picha zako, la kwanza lina ngazi, liache. La tatu limeanikwa juani. Lile la katikati, ambalo umeniandikia kwamba "halina mvuto", nimeona mwembe nyuma yake na wavu mlangoni. Piga simu uulize choo kiko wapi. Wakikujibu kiko ndani, lipia leo leo, kwa sababu Juni tuko wengi.