Chai isiyo na majani chai: niandike nini kwenye pakiti?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Niko Elburgon, Kaunti ya Nakuru. Huchuma majani ya msunobari, nikayakausha kivulini, nikayachanganya na mchaichai na wakati mwingine majani chai ya Kericho, kisha nikauzia majirani na wateja wa mjini Nakuru. Kwenye pakiti nimeandika: "Chai ya sindano za msunobari mwitu. Pika dakika tano." Binti yangu wa kidato cha tatu anasema hicho si Kiswahili. Mteja naye amelalamika kwamba nilimuuzia chai isiyo na chai. Niandike vipi?

JIBU: Sijambo, mama. Nianze na mteja wako, kwa sababu lalamiko lake limegusa jambo ambalo wengi hatulitazami. Maneno "chai ya" hayasemi kama majani chai yamo au hayamo. Chai ya maziwa inayo, na ya tangawizi kwa kawaida inayo. Chai ya rangi, ambayo wengi huku bara huiita sturungi, ni maji na majani chai bila maziwa. Ukisema chai ya saa nne umetaja wakati, na ukisema chai ya Kericho umetaja inakotoka. Neno lile lile "ya" limebeba yote hayo, na msikilizaji hutegemea mazoea kuelewa. Huo mchaichai wako wenyewe ni nyasi, lakini jina lake limetokana na chai, na mtu akikukaribisha chai ya mchaichai hujui kama ametia majani chai mpaka uonje.

Kwa hiyo hukukosea kuita chai kinywaji cha majani ya mti mwingine. Tatizo ni kwamba anayesoma pakiti dukani hana wa kumuuliza. Pakiti yenye majani chai iandike "Majani chai yenye msunobari na mchaichai", kwa kuwa -enye hutaja waziwazi kilichomo. Ile nyingine iandike "Chai ya msunobari na mchaichai", na chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, "Haina majani chai".

Kuhusu sindano, namuunga mkono binti yako. Jani la msunobari ni jani. Tunapoeleza umbo lake tunasema jembamba kama sindano, na vitabu vya baiolojia husema majani yenye umbo la sindano. Neno hilo likiachwa peke yake, msomaji ataona ya fundi cherehani au ya muuguzi, na hakuna anayependa kulikuta kwenye kitu cha kunywa.

"Mwitu" pia liondoe. Tunasema nguruwe mwitu na paka mwitu kwa mnyama asiyefugwa, na mboga za mwituni kwa zile zinazoota zenyewe. Msunobari wa Elburgon haukuota wenyewe. Aina iliyoenea katika mashamba ya misitu huko kwenu asili yake ni Meksiko, ikaletwa na kupandwa kwa ajili ya mbao. Kenya haina msunobari wa asili hata mmoja. Ukitaka mteja ajue hukulima, andika "yaliyochumwa msituni", na kama msitu wenyewe ni wa serikali, hakikisha una kibali.

Sasa jina la mti, na hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi. Watu wengi huita msunobari kila mti wenye majani membamba ya kijani yasiyopukutika. Saipresi ya uani huitwa hivyo, mvinje huitwa hivyo, hata podo na mtarakwa. Katika mazungumzo haina madhara, lakini katika biashara ya kitu cha kunywa ni hatari, kwa kuwa mteja akiipenda chai yako atakwenda kujichumia, na karibu na nyumba yake huenda ipo saipresi, ambayo si ya kunywa. Hivyo eleza mti kwenye pakiti. Chukua kijitawi ukitazame: majani ya msunobari wenu ni marefu, yameinama, na hushikana kwa kawaida matatumatatu, shina la kila kifungu likiwa limevikwa kiganda kidogo. Ya saipresi ni magamba madogo yaliyobanana na kijiti, na ya podo ni bapa. Sentensi moja yatosha: "Majani marefu yanayoota matatumatatu."

Bado "pika". Nakuru, Kisumu, Kakamega, kote chai hupikwa: maji, maziwa, majani chai na sukari katika sufuria moja mpaka ifure. Mteja akisoma "pika" atafanya hivyo hivyo, na msunobari uliochemka sana huwa mchungu na hupoteza vitamini C yake. Kitenzi unachokitafuta ni kukolea: "Mimina maji yaliyochemka, funika, acha ikolee dakika kumi." Nalipenda sana neno hili. Hutumika kwa chumvi kwenye mboga na kwa rangi kwenye kitambaa, na kila mpishi analijua.

Tahajia isikusumbue. Msunobari na msonobari yote yanatumika, mradi usiyachanganye kwenye karatasi moja.

Mwisho, ongeza mstari ambao hukuuliza: "Mama mjamzito asinywe." Majani ya baadhi ya misunobari yanajulikana kuwafanya ng'ombe kutupa mimba, na saipresi vivyo hivyo. Andika "asinywe" hivyo hivyo, usililainishe kuwa "anashauriwa kutokunywa kwa wingi", maana atakayesoma hivyo atakunywa kikombe kimoja.