Umeuliza nani atatuzika

Mwanangu,

Sauti uliyotuma Jumapili, baada ya kusikia kwamba tunataka kwenda misheni uzeeni, tumeisikiliza, mimi na mama yako, tukiwa mezani. Baadaye nikaisikiliza tena peke yangu uani. Uliuliza mambo matatu, nayataja hapa usije ukasema muzee ameruka lililomshinda. Kwanza, wazungu wazee huenda misheni kwa kuwa wana pensheni. Sisi tuna nini? Pili, watu watasema watoto wamewafukuza wazazi wao. La tatu ulilisema umeshusha sauti: mkifia huko, nani atawazika?

Naanza na pesa kwa sababu ndilo jepesi.

Kanisa letu, la Watakatifu wa Siku za Mwisho, halimlipi mmisionari, hilo unalijua tangu utoto. Wazee wanajilipia chakula, dawa na nyumba. Kwa nyumba kuna kikomo, na kilipowekwa mwaka 2011 kilikuwa dola 1,400 kwa mwezi. Inayozidi hapo kanisa linabeba. Mama yako aliposikia kiasi hicho alicheka mpaka akatafuta kiti. Lakini kikomo si bei, na hakuna aliyetuambia tuishi kama mabalozi. Muda nao wanandoa wanauchagua wenyewe: miezi 6, 12, 18 au 23. Sisi tumeandika 12. Vyumba vya kupangisha vya Katuba, hapa mjini Lubumbashi, vile tulivyojenga kwa malipo niliyopewa mwaka 2003 nilipotia sahihi karatasi ya kuondoka kazini kwa hiari, vitaleta kodi tukiwepo au tusipokuwepo. Hatutakuomba hata franka moja. Ukileta mwenyewe, mama yako hatakataa.

Utasema: basi hudumieni hapahapa. Nafasi hiyo ipo pia, mzee anabaki kwake na kufanya kazi ya kanisa siku kadhaa za juma, na askofu, kiongozi wa kata yetu, yaani ushirika wetu wa kanisa, aliitaja kabla ya zote. Mama yako ndiye aliyeikataa. Anasema akiwa hapa, ukoo mzima unajua saa nne asubuhi yuko nyumbani na sufuria liko motoni.

Sasa nikueleze nilichokiona, kwa maana wewe ulikuwa umekwisha hamia Kolwezi.

Huku Katanga, kusini mwa Kongo, neno misheni linatuletea picha ya kijana. Mmisionari Mskoti Frederick Stanley Arnot alipofika Bunkeya kwa Mwami, yaani mfalme, Msiri, Februari 1886, alikuwa na miaka 27. Hata hawa wa kwetu unaowaona wawili wawili na tai zao katika vumbi la Ruashi ni watoto. Mvulana anaanza akiwa na miaka 18 na kutumika miaka miwili. Lakini kanisa letu lilipopata kibali cha serikali ya Zaire, mwaka 1986, waliotangulia kutumwa Kinshasa walikuwa mume na mke. Mimi mwenyewe sikulitilia maanani jambo hilo mpaka walipokuja hapa wale wazee wawili wa Marekani, yeye fundi bomba mstaafu, mkewe mwalimu wa watoto wadogo. Kifaransa chao kilikuwa cha salamu tu. Askofu akakumbuka kwamba mimi nilikulia Kitwe, Zambia, nina Kiingereza cha kule, akanituma niwafuate kama mkalimani.

Nilidhani kazi itakuwa kuhubiri. Sikuwaona hata mara moja wakigonga mlango wa mtu. Asubuhi wanasoma maandiko, kisha mzee anashika gari na orodha ya nyumba wanamoishi vijana wamisionari. Tunaingia, anakagua. Chandarua kina tundu? Chujio la maji limesafishwa lini? Nani ameacha sahani tangu jana? Akiona bomba linavuja anavua koti palepale na kulala chini ya sinki, na vijana wanasimama na aibu yao. Mchana kuna makaratasi: visa zinazokaribia kuisha, bili za nyumba, magari yanayotaka vipuri. Mkewe alikuwa na kinanda kidogo cha umeme, akifundisha wasichana wa kata kupiga nyimbo za Jumapili. Umeme ukikatika, na unajua hukatika, alichora vibonyezo vya kinanda kwenye katoni na somo likaendelea kimya, wasichana wakibonyeza katoni na kuimba kwa midomo yao. Wawili kati yao ndio wanaotupigia nyimbo leo.

Hakuna chochote katika hayo ambacho kingeingia kwenye gazeti. Nilimwuliza siku moja, njia ya Likasi, kama haoni amepoteza muda, mtu amevuka bahari kuja kuangalia vyandarua. Akanijibu kwamba nyumbani kwake alikuwa anatazama televisheni.

Ila kazi yao kubwa haikuwa kwenye orodha. Ilikuwa jikoni. Vijana wale wanatoka Kananga, Madagaska, Kodivaa, na wengine hawajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yao. Kijana wa miaka kumi na tisa akishikwa na malaria hamtaki rais wa misheni, anataka mama. Nilimwona kijana mmoja, mrefu kuliko wewe, amekaa kwenye kiti cha jikoni anamenya viazi na kulia, na bibi yule anapika tu, hamwulizi kitu, hajui hata Kifaransa cha kuuliza. Alikuwa amepata habari ya ndugu yake. Nilitaka kuingia nitafsiri. Mzee akanishika mkono, tukabaki barazani.

Hilo mmisionari kijana hawezi kulifanya, hata awe mtakatifu namna gani. Ana haraka, ana watu wa kufundisha na siku za kuhesabu. Mtu mzima aliyekwisha lea wake, akazika wake, anaweza kukaa jikoni na mtoto wa watu bila kusema neno. Na wakiwa wawili, mume na mke, vijana wanaona pia namna ndoa inavyokwenda kila siku, pamoja na kununa. Maana walinuna wale! Kuhusu ufunguo wa gari, kuhusu chumvi. Vijana walifurahi sana kuona wamisionari wamenuna.

Nisikudanganye. Walikuja wengine ambao hawakutoka nje ya ukuta ila siku ya ibada, na kalenda yao ilikuwa imebandikwa kwenye friji, wiki zikikatwa kwa kalamu nyekundu. Sikuwachukia. Mzee akiogopa mji, anaogopa na magoti yake pia. Lakini walipoondoka hatukujua tuwaage kwa jambo gani.

Sasa swali lako la tatu, na hapa nataka usome polepole.

Mwaka wa pili wa wale wa kwanza, mama mzazi wa bibi yule alifariki kwao Idaho. Alikuwa mzee sana, na walikuwa wamekubaliana naye kabla hawajaondoka kwamba ikitokea, wasirudi. Kwa hiyo hawakurudi. Mazishi yangeonyeshwa kwa simu, saa tano asubuhi kwao, saa mbili usiku kwetu. Wao walidhani watakaa wawili sebuleni, watazame, walie, walale.

Unawajua wamama wa kata yetu. Saa kumi jioni walikwisha fika na mikeka. Wakatoa viti vya sofa wakavipeleka nje, wakatandika, wakamkalisha yule bibi chini katikati yao, shuka begani. Mlinzi wa lango alipiga simu kwa kila namba aliyokuwa nayo akidhani nyumba imevamiwa. Wanaume tukafunga turubai, tukawasha makala, yaani mkaa, vijana wakaleta viti vya plastiki kutoka kanisani. Mama yako na wenzake walipika bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwenye sufuria zile za harusi. Jenereta ya jirani ikasukumwa kuvuka barabara ili simu isizimike katikati ya ibada.

Ibada ilipoanza, wamama hawakuelewa hata neno moja la mhubiri, lakini jeneza walilielewa. Lilipoonekana kwenye kioo kile kidogo, kilio kilianza, kilio chetu, si cha kujifuta machoni kwa kitambaa. Bibi yule kwanza alishtuka. Kisha naye akalia kwa sauti, na nilimwona mumewe akitazama chini, maana nadhani hakuwahi kumsikia hivyo.

Usiku uleule nikamletea mzee daftari la michango. Majina yameandikwa, na mbele ya kila jina franka: mia tano, elfu moja, mmoja elfu tano. Alitaka kuzirudisha. Alisema, hawa hawana. Nikamwambia, pokea, ukizirudisha utakuwa umewafukuza kwenye msiba wako. Akauliza azifanyie nini. Nikasema, nunua mkate na sukari, watu wamelala hapa. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mguu akarudi na mikate kifuani.

Wamama walilala pale siku tatu.

Ndiyo maana, ukiniuliza nani atanizika, sina hofu uliyo nayo. Watakaonizika ni wale ambao mimi na mama yako tutakuwa tumekaa jikoni kwao. Kama hatukukaa na mtu, hata hapa Lubumbashi watakuja wachache na kutazama saa.

Lakini maneno hayapunguzi gharama, kwa hiyo nakuandikia wazi ili ndugu zako wasigombane. Nikifa nje na njia ya kunirudisha ikapatikana bila ninyi kuuza kitu, nirudisheni. Ikiwa inabidi kuuza, hata chumba kimoja cha Katuba, nizikwe nilipo. Unakumbuka ile familia ya mtaani kwetu ambayo baba alikwenda kutibiwa India akafia kule? Walirudisha mwili, wakazika kwa heshima, na mwaka haukuisha mjane akawa mpangaji. Sitaki jeneza langu liwatoe watu nyumbani. Mtakaa kilio hapa, turubai na makala, mtaweka picha yangu mezani, na kambo, babu wa watoto wako, atakuwa amezikwa. Mama yako amesoma aya hii. Anasema kwake ni hivyohivyo, isipokuwa picha ataichagua yeye.

Kuhusu watu kusema mmetufukuza: acha waseme. Wewe umeondoka mjini siku nyingi, labda umesahau jinsi inavyokuwa. Mimi nilizeeka siku moja, mwaka 2003, nikiwa na miaka arobaini na sita. Jana yake nilikuwa nasimamia karakana, kesho yake nilikuwa mtu wa kuulizwa, "Uko tu?" Na mzee wa "uko tu" katika mji wetu hana usalama sana. Anakaa uani kutwa, mtoto wa jirani anaugua, mhubiri wa mtaani anaota ndoto, na macho yanageuka. Umeona kwa macho yako nyumba ya tatu kutoka kwetu, yule mama alivyopelekwa kijijini na wanawe aliowazaa. Kati ya maneno mawili, watu waseme watoto wamenifukuza au waseme ninakula watoto wa watu kwa uchawi, mimi nimechagua.

Na tena si kweli kwamba mnatutunza kwa kuwa tupo hapa. Mnatutunza kwa simu. Simu itafika na huko.

Tutatumwa wapi hatujui. Barua ya wito ndiyo inayosema. Mama yako anataka mahali penye hekalu, ile nyumba ya ibada za pekee za kanisa letu, atumike ndani yake. Anasema amechoka kuchungulia uzio tangu walipochimba udongo wa kwanza wa hekalu letu hapa mjini, Agosti 2022. Mimi ningependa mahali penye mabomba yanayovuja. Kifaransa tunacho, Kiswahili tunacho, Kiingereza changu cha Kitwe bado kinatembea.

Wajukuu ndio jambo lililonikaba, na hukuliuliza. Mdogo wao atakuwa ameanza kusema tutakaporudi, naye hatanijua. Sina jibu la hilo. Bibi yule wa Idaho alikuwa akiwasomea wa kwake hadithi kwa simu kila Jumatatu usiku, na mara nyingi mtoto alikuwa anakimbia akamwacha na picha ya dari. Nitakubali dari.

Sasa mambo ya kazi. Fomu inataka tupimwe na daktari, na pia daktari wa meno. Damu yangu ni nzuri, presha ya mama yako inashuka kwa dawa. Jino langu la nyuma limehukumiwa, litatolewa Alhamisi. Baada ya hapo ni mahojiano na askofu, halafu rais wa kigingi, yaani kiongozi wa kata kadhaa pamoja. Ninahitaji mtu wa kukusanya kodi ya Katuba asiyeogopa yule mpangaji wa chumba cha kati. Dada yako mkubwa anamwogopa. Mdogo wako atakopa kodi yenyewe. Nimebaki na wewe. Kila mwisho wa mwezi, au umtume mkeo, ambaye nadhani mpangaji ndiye atakayemwogopa.

Njoo Jumamosi ya wiki ijayo tuandikishane. Ukipita Likasi chukua gunia moja la makala pale barabarani, hapa limepanda bei. Na uje na watoto, hata kama shule wana mtihani Jumatatu.

Baba yako
Lubumbashi