Usiseme ni bawasiri kabla hujapimwa

Waambie watu pale Ujiji au Kibirizi, Kigoma, kwamba unatokwa na damu chooni, utapewa dawa kabla hujamaliza kueleza. Mmoja atasema bawasiri, mwingine mchango, wa tatu atasema ni kichocho kwa kuwa umeoga ziwani tangu utotoni. Na yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi. Kichocho cha tumbo kipo huku mwambaoni, amiba ipo, bawasiri ndiyo usiseme. Ila saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na kwa kuangalia tu chooni huwezi kujua ni ipi.

Baba yangu alitibiwa bawasiri kwa muda mrefu: mizizi ya kuchemsha, dawa za kupaka, vidonge vya duka la dawa. Damu ilikuwa ikikata, kisha inarudi, na kila ilipokata dawa ya mwisho ndiyo iliyosifiwa. Hapo ndipo watu wanapopotezwa, kwa sababu uvimbe wa saratani hautoi damu kila siku. Baadaye akawa anakwenda chooni mara kwa mara na kutoka akihisi bado hajamaliza. Akakonda. Kutoka soko la Mwanga hadi nyumbani akawa anapumzika njiani. Damu ilikuwa imepungua mwilini. Mwanamume wa miaka 48 akikutwa na upungufu wa damu, asiridhike na vidonge vya kuongeza damu tu. Itafutwe inakopotelea.

Aliyegundua ni daktari aliyevaa glovu akampima kwa kidole, kipimo cha dakika moja hivi. Uvimbe ulikuwa kwenye puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu kabisa. Najua wanaume wengi wa kwetu hukikataa kipimo hiki kwa aibu. Naomba wasikikatae. Baba alipewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, akafanyiwa upasuaji, na leo anaishi na mfuko wa choo tumboni na bado anauza mawese yake.

Lakini ya baba ilikuwa kutafuta ugonjwa ambao tayari unaonekana. Uchunguzi ninaoutaka kwako ni wa kabla hujaumwa. Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, mfano wa uyoga, na huchukua miaka kama 10 au zaidi kugeuka saratani. Kamera ndogo inayopitishwa njia ya haja kubwa ikikiona, mara nyingi daktari hukikata palepale, na hicho hakigeuki tena saratani. Si saratani nyingi zinazotupa nafasi ya namna hii.

Mwaka 2020 zaidi ya watu milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na zaidi ya 900,000 walikufa. Si ya wazee peke yao: mwigizaji Chadwick Boseman alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 43. Mwaka 2021 Marekani ilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45.

Kama mzazi, kaka au dada yako amewahi kuugua, usisubiri 45. Anza ukiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao, kutegemea upi unatangulia. Kwa watoto wa baba yangu, aliyegundulika akiwa na 48, maana yake ni 38. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, mimi siumwi." Nikamjibu ndiyo maana aende sasa.

Mimi nimeshapimwa. Kero kubwa ni maandalizi: siku moja kabla unakunywa vitu vyepesi tu, halafu dawa ya kusafisha tumbo inayokufanya usitoke chooni. Kipimo chenyewe nilichomwa sindano ya usingizi. Kinyama kimoja kilionekana, kikaondolewa.

Kamera haipo kila hospitali, hivyo ulizia rufaa, gharama na bima yako mapema. Kipo pia kipimo rahisi cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho kwenye choo. Hurudiwa kila mwaka, na kikionyesha damu lazima kamera ifuate. Sigara na pombe punguza au acha, nyama nyekundu isizidi, maharage na mboga za majani viongezeke, ila hayo hayachukui nafasi ya kupimwa.

Na ukiandikiwa dawa ya bawasiri bila kuguswa, uliza kwa heshima: "Daktari, hutanipima kwanza?"