Riwaya Kubwa, Filamu ya Saa Mbili: Majibu kwa Wasomaji

Juzi juzi niliandika hapa kwamba filamu haiharibu riwaya kwa kukata kurasa; huiharibu ikikata kurasa kisha ikabaki haina la kusema. Sentensi hiyo moja imeniletea ujumbe mwingi kuliko makala yote. Nimechagua michache na kuifupisha. Yenye matusi nimeisoma, asanteni.

Shikamoo. Niko kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na tunasoma riwaya ya *Vuta N'kuvute*. Nikiangalia filamu yake nitaweza kujibu mtihani?

Marahaba, mwanangu. Hutaweza. Mtahini atakuuliza habari za Bwana Raza na safari ya Mombasa, za Mwajuma na maisha ya Ng'ambo, mitaa ya mjini Zanzibar, za Inspekta Wright na watu wake wanavyomwinda Denge, mpigania uhuru, usiku na mchana. Filamu ina saa moja na nusu hivi, na imejikita kwa Yasmin na Denge. Ukiingia chumba cha mtihani na hiyo peke yake, utatoka na atakayelia ni mama yako.

Ila ukishakimaliza kitabu, itafute uiangalie, kwa sababu ni mfano mzuri wa jambo ninalolisema. Adam Shafi aliichapisha riwaya ile mwaka 1999, na Amil Shivji akaitoa filamu mwaka 2021. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, mara ya kwanza tangu *Maangamizi* mwaka 2001. Sasa tazama mwanzo wa riwaya. Shafi anatupa uso wa Yasmin kwanza: kijiuso cha duara mfano wa tungule, macho makubwa, midomo. Anamchora kama mtu anayesimulia barazani, anaongeza chumvi kidogo, na msomaji ameshampenda binti kabla hajajua ameolewa na mzee wa makamo ya baba yake. Kamera haina tungule. Ina uso wa Ikhlas Gafur Vora na mwanga unaopita dirishani, basi. Shivji angeweza kuweka sauti ya msimulizi itusomee sifa zile. Hakufanya hivyo. Alituacha tumwangalie binti mpaka tukaanza kujisikia vibaya kwa kumwangalia, na hapo ndipo nilipoona kwamba huyu bwana hakunakili kitabu, alikisoma.

Wanaolalamika kwamba filamu inakwenda polepole hawakosei. Riwaya ile inakimbia. Ina polisi, vichochoro, makaratasi ya siri, mtu anapenya huku anatokea kule, nami nilikosa sana ule mhemko. Pia nilikosa maneno: umbea na kejeli za Ng'ambo ambazo Shafi anaziandika kama anazisikia sebuleni kwake. Shivji aliachia mbio akashika hali ya hewa ya mji unaotawaliwa na mgeni, na taarabu ikafanya kazi ambayo kitabuni inafanywa na maelezo. Ni biashara ambayo mimi nimeikubali. Wewe unaweza ukaikataa, lakini usiseme alipunguza tu.

Nimesoma *Half of a Yellow Sun* mara mbili. Filamu yake ina waigizaji wakubwa, nguo nzuri, vita vipo, mapenzi yapo. Mbona nilitoka nikiwa mtupu? Au ni ushabiki wangu wa kitabu?

Si ushabiki, dada yangu. Nitajibu kwa urefu, na asiyemaliza kitabu aruke hapa, maana nitataja mwisho.

Riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie ya mwaka 2006 inahusu vita vya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, lakini haiendi moja kwa moja. Inaanza miaka ya mwanzo ya sitini, inaruka hadi mwishoni mwa miaka hiyo, inarudi nyuma, kisha inaruka tena. Unawakuta watu wamenuniana na kuna mtoto ndani ya nyumba, na hujui kwa nini. Vita vinaanza huku hiyo siri ya nyumbani haijafunuliwa, kwa hiyo unabeba mashaka mawili kwa pamoja. Marehemu Biyi Bandele, katika filamu yake ya mwaka 2013, aliinyoosha hadithi: hili likafuata, kisha lile. Kuinyoosha kunaeleweka, mtazamaji hawezi kurudisha kurasa. Lakini siri ya nyumbani ikageuka kuwa ugomvi wa kawaida wa mume na mke, na vita vikaja kama mgeni asiyealikwa.

Kubwa zaidi ni Ugwu. Kitabuni tunaona kwa macho ya watu watatu: Olanna, msomi wa nyumba hiyo, Richard Mwingereza, na Ugwu, kijana aliyeletwa kutoka kijijini kuwa mtumishi. Katikati ya sura kunapenyezwa vipande vya kitabu kingine kuhusu vita hivyo, na kwa muda mrefu unadhani Richard ndiye anayekiandika, kwani si ndiye mwandishi na ndiye mzungu? Mwishoni unagundua ni Ugwu. Mpishi ndiye mwanahistoria. Tena Adichie hakumsafisha: Ugwu aliyechukuliwa jeshini kwa nguvu anashiriki kumbaka msichana wa baa, na baadaye anarudi kijijini kukuta dada yake mwenyewe alitendewa hivyo hivyo na askari. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeshika kalamu. Ukiondoa hilo umeondoa uti wa mgongo wa riwaya, na filamu ililiondoa. John Boyega anamcheza Ugwu vizuri, lakini kazi aliyopewa ni ya kufungua mlango na kuleta chakula. Tumebaki na Thandiwe Newton na Chiwetel Ejiofor wakipendana na kugombana.

Kuna mama mmoja kitabuni, ndani ya treni ya wanaokimbia mauaji ya kaskazini, amebeba kibuyu. Anamfunulia Olanna. Ndani kuna kichwa cha binti yake mdogo, na kinachomtoka mama yule mdomoni ni habari ya muda aliotumia kusuka zile nywele. Kibuyu hata mimi na simu yangu naweza kukipiga picha. Ile sentensi ya nywele ndiyo ngumu, na iliyo ngumu zaidi ni kwamba Olanna anakuja kumsimulia Ugwu, na Ugwu anaandika.

Nimtendee haki Bandele: tukio la mauaji kwenye uwanja wa ndege wa Kano alilibeba vizuri, lilinitoa jasho. Na kufanya filamu ile hakukuwa lelemama. Waliipigia Calabar, na ilipokamilika bodi ya filamu ya Nigeria iliizuia kwa miezi kadhaa hadi Agosti 2014.

Kwa hiyo dawa si tamthilia ya vipindi vingi? Saa mbili hazitoshi, saa kumi na sita zinatosha.

Muda unasaidia, ila sio ugonjwa wenyewe. Gabriel García Márquez, mwandishi wa Colombia, alikataa maisha yake yote kuwauzia watu wa filamu *Cien años de soledad* (Miaka Mia ya Upweke), riwaya yake ya mwaka 1967, na alipofariki mwaka 2014 ilikuwa bado haijauzwa. Alitaka kila msomaji abaki na sura zake mwenyewe za wale watu. Familia ikakubali baadaye kwa Netflix, kwa masharti: iwe kwa Kihispania na ipigwe Colombia. Vipindi vinane vya kwanza vilitoka Desemba 2024, na wanawe wawili walikuwa miongoni mwa wazalishaji.

Nimeviangalia. Nyumba ya akina Buendía, familia ya riwaya hiyo, ni nzuri hadi unataka kuhamia. Lakini wazalishaji walilazimika kuweka sauti ya msimulizi, na kila inaposikika inakukumbusha kwamba utamu ule ulikuwa kwenye namna ya kusimulia: Márquez anataja mtu anayepaa mbinguni kwa sauti ile ile ya kutaja bei ya vitunguu. Ukimwonyesha mtu anapaa, watazamaji wanaangalia kamba iko wapi. Masharti ya familia, hata hivyo, nawapigia makofi. Fikiria wangeizungumza Kiingereza.

Mwandishi mwenyewe akiandika skripti, si ndiyo usalama?

Salman Rushdie aliandika skripti ya *Midnight's Children*, filamu ya Deepa Mehta ya mwaka 2012, na sauti ya msimulizi ni yake pia. Ni filamu ndefu, imejaa matukio, na haikupumua hata mara moja. Mwenye mali huwa na huruma na kila chombo chake.

Nisome kwanza au niangalie kwanza?

Soma kwanza. Ukishauona uso wa mwigizaji, hautoki kichwani.

Mimi ni mwongozaji kijana, Nairobi. Nina ndoto ya kuifanyia filamu *Nagona*, riwaya ya Kezilahabi. Niambie ukweli.

Ukweli ni kwamba utafilisika, mdogo wangu. *Nagona* ni nyembamba, ndiyo maana inadanganya. Haina mtu wa kumfuata kwa maana ya kawaida. Ina fikra zinazotembea. Anza na kidogo. Wanuri Kahiu alichukua hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, akaipeleka Nairobi na kuiita *Rafiki*, na mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Hadithi fupi inakuachia nafasi ya kujaza.

Ukisisitiza lazima iwe riwaya, tazama *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Karama yuko kizimbani kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, Majivuno anamshitaki, na utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita wakarudi na kutupwa gerezani. Mahakama moja, safari sita: skripti imeshajigawa yenyewe. Nchi yenyewe inaelea hewani, kwa hiyo hakuna atakayekudai uhalisia wa majengo, na bajeti yote unaimalizia kwa waigizaji wenye sauti.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sheria ya Kenya na ya Tanzania Bara inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na hesabu hiyo imepita. Hata hivyo, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, upate jibu la maandishi, ukawaone na familia kabla hujakodi kamera. Na ukipata mwigizaji wa Majivuno, mchague mcheshi. Wengi watakupendekezea mtu wa kutisha.