Madaktari wawili, kauli mbili kuhusu chanjo
Dada yangu wa Kisumu, umeuliza umsikilize nani, kwa kuwa daktari mmoja anamhimiza mama yako, mwenye presha, achanjwe dhidi ya korona, ilhali mwingine anasema ivamektini, dawa ya kuua vimelea kama minyoo, yatosha kumkinga. Mgawanyiko huo si mgeni: Machi 2021 chama cha madaktari Wakatoliki nchini kiliipinga chanjo na kuisifu dawa hiyo, ingawa maaskofu wenyewe waliiunga mkono chanjo, jambo ambalo bado linanihuzunisha. Mwezi huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wagonjwa wa korona wapewe ivamektini katika majaribio ya utafiti pekee. Mimi ningemfuata daktari wa kwanza. Yule wa pili mwulize kwa adabu ushahidi wake ni upi, na mama asimeze chochote kabla ya dawa zake za presha kuangaliwa.