Fundi, niitoe TV ya inchi 32 nichukue ya 55?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina TV ya inchi 32 niliyoinunua 2015, mwaka ule tulipohama analojia. Haijawahi kuharibika, lakini picha yake ni ya ukungu, hasa kwenye mpira na taarifa ya habari. Maandishi yanayopita chini ya skrini siyasomi mpaka nisogee. Natumia king'amuzi cha antena, na wanangu hutazama video za intaneti kwa kurusha kutoka kwenye simu. Kutoka kochi hadi ukutani ni kama mita tatu. Kuna mtu ananiuzia ya inchi 55 iliyoandikwa 4K kwa Sh30,000, anasema nikiiwasha tu nitaona kama sinema. Mwingine ananiambia nisinunue TV, ninunue kiboksi cha 4K cha Sh4,500 kiigeuze hii niliyo nayo. Nimsikilize nani? (Mama wa watoto watatu, Mtongwe, Likoni)

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Kabla hujampa mtu hata shilingi, nenda nyuma ya TV uangalie waya unaotoka kwenye king'amuzi. Kama ni ule wa vichwa vitatu, manjano, nyekundu na nyeupe, basi ukungu wako nimeshaujua, na dawa yake ni waya mmoja wa HDMI, ule wa kichwa kimoja bapa unaobeba picha na sauti pamoja kwa dijitali, wa shilingi mia chache.

Nasema hivi kwa sababu ya neno ulilotumia mwenyewe. Ishara dhaifu ya dijitali haileti ukungu. Enzi za analojia antena ikitikiswa na kusi picha ilijaa chenga, mtu akapanda juu ya bati kuizungusha huku mwenzake akipiga kelele kutoka sebuleni. Siku hizi ishara ikidhoofika picha hukatika miraba miraba, huganda, sauti hukwaruza, kisha skrini inabaki tupu. Haififii. Basi picha ikiwa imetulia lakini ina ukungu, antena haina kosa. Mara nyingi picha imeharibikia katika ile hatua ya mwisho, shubiri tatu nne kati ya king'amuzi na TV.

Waya wa manjano ndio unaobeba picha. Nyekundu na nyeupe ni sauti tu. Ulitengenezwa kwa ajili ya TV za kichogo. Mwanga na rangi hupitishwa pamoja katika njia moja, halafu TV inaachiwa kazi ya kuvitenganisha, na haiwezi kuvitenganisha sawasawa. Ndiyo maana jezi nyekundu inavuja rangi nje ya mchezaji, na kingo za herufi zinachezacheza kama zimeingiwa na sisimizi. Hata chaneli iwe inarushwa kwa HD, yaani picha yenye nukta nyingi zaidi, ikipita hapo inashushwa. Chomoa waya huo, weka HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uchague 1080 na umbo la 16:9, yaani la skrini pana. Usiposhughulikia hilo umbo, watu watabaki wamevutwa upana, sura zimekuwa kama sahani.

Ninaloliona kila wiki, na linaloniumiza, ni imani kwamba TV kubwa husafisha picha. Mteja mmoja wa Kisauni aliniletea TV mpya ya inchi 55 ndani ya tuktuk, ameikumbatia kama mgonjwa. Alikuwa na hakika ameuziwa mbovu. Niliiweka mezani nikaichomeka HDMI ya karakana, na mistari ya majani uwanjani ikaonekana hadi ncha. Nikamwomba waya anaoutumia nyumbani. Akatoa mfukoni ule wa rangi tatu, kichwa cha manjano kimezungushiwa tepu nyeusi kwa sababu kililegea zamani. Alikuwa ameuhamisha kutoka kwenye TV yake ya kwanza, na hiyo ya kwanza, nzima kabisa, alikuwa amemuuzia jirani kwa bei ya kutupa ili ajazie pesa.

Hebu tuzihesabu nukta zenyewe, zile pikseli. Picha ya kawaida ya televisheni, ambayo bado chaneli nyingi za antena hutumia, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu. Zote pamoja ni 414,720. Kioo cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Gawanya: kila nukta moja inayotoka kituoni inatakiwa ijaze nafasi za nukta ishirini. Hizo kumi na tisa nyingine TV inazibuni yenyewe kwa kukisia kutoka kwa majirani zake. TV nzuri hukisia vizuri, ya bei rahisi hukisia vibaya, lakini hakuna inayoweza kurudisha kitu ambacho kamera haikukituma. Na kioo cha inchi 55 kina eneo karibu mara tatu ya kile cha 32. Ukungu ulioenea kwenye kitambaa kidogo sasa umetandazwa kwenye shuka.

Sasa mita zako tatu. Jicho lisilo na tatizo hutenganisha vitu viwili kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwenye TV ya inchi 55 yenye nukta 1,920 kwa upana, ndiyo HD kamili, nukta moja ina milimita 0.63. Ukikaa zaidi ya mita mbili na ushei, jicho halizioni tena nukta hizo mojamoja, zimeshaungana. Kwa hiyo pale kochini kwako, HD kamili na 4K zitakuwa kitu kimoja machoni. Ili 4K ikupe yote iliyo nayo kwenye kioo hicho, itabidi ukae kama mita moja kutoka ukutani, na sijui mama gani anatazama taarifa ya habari akiwa hapo.

Lakini ukubwa wenyewe ni jambo jingine, na hapa sikukatazi. TV ya 32 ina upana wa sentimita 71 hivi. Kwa mita tatu hiyo ni ndogo kweli, na kusogea ili usome maandishi si ulegevu wa macho yako. Ya 43 itayakuza maandishi yale yale kwa theluthi moja, ya 55 kwa karibu robo tatu. Kwa hivyo jibu la swali lako ni kwamba kubadilisha kunaweza kukufaa, ila faida utaipata kwenye sentimita. Ukichukua 55 utapewa 4K utake usitake, kwa sababu kubwa za siku hizi nyingi huja hivyo. Wewe usikubali kuilipia zaidi kana kwamba ndiyo itakayoondoa ukungu. Na watoto, kama wanachorusha ni skrini nzima ya simu, picha yao hubanwa mara ya pili kabla ya kufika kwenye TV. TV yenye intaneti yake yenyewe itawasaidia zaidi kuliko hizo nukta. Mkitaka 4K ya kweli ya Netflix, wenyewe hushauri megabiti 15 kwa sekunde. Pima laini yako ya intaneti saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, usipime saa nne asubuhi.

Huyo wa kiboksi sasa. Mama, kioo cha TV yako kina nukta zake zilizochorwa kiwandani, kwa kawaida 1,366 kwa 768 kwa TV za inchi 32 za miaka ile, yaani milioni moja na kidogo. Hakuna kiboksi, waya wala programu itakayoongeza hata moja. Ama kiboksi chenyewe kitaipunguza 4K yake mpaka TV iweze kuipokea, ama TV itaikataa na kukuonyesha skrini nyeusi. Kingeuzwa kama njia ya kuiletea TV ya zamani intaneti, nisingekuwa na neno, hiyo ndiyo kazi yake na inaifanya. Kuuzwa kama dawa ya kugeuza kioo ni uongo.

Na kuna walio wabaya kuliko huyo. Kuna wanaojitolea "kuiflashi TV iwe 4K" kwa elfu moja mia tano. Wanapakia programu ya TV nyingine kwenye bodi yako. Mara nyingi picha hurudi imepinduka kichwa chini, au rangi zimegeuka kama filamu ya picha za zamani, au TV haiwaki tena. Nimekaa na bodi za namna hiyo siku nzima nikitafuta programu yake ya asili, na nyingine sikuipata. Mtu alikuja na TV inayofanya kazi, akaondoka na fremu.

Kombe la Dunia likikaribia, au ligi za Ulaya zikianza, mambo haya huongezeka maradufu. Ndipo pia wanapotokea wa kumwambia mtu "kioo kimekufa, nunua mpya, mimi nitakusaidia kuitupa hii". Yeyote anayesoma hapa, ukiambiwa hivyo na TV yako ina sauti lakini skrini ni nyeusi, fanya jambo moja. Zima taa za chumba usiku, washa TV, umulike skrini kwa tochi ya simu kwa upande, karibu kabisa na kioo. Ukiona picha hafifu, watu wanatembea humo ndani, kioo kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma, zile pau za LED, na pau hubadilishwa. Lakini zibadilishwe zote. Kuna wanaoiruka ile LED moja iliyoungua kwa kipande cha waya ili TV iwake mbele yako. Unabaki na doa la giza, na haupiti muda LED nyingine inaungua, kwa sababu kilichoziunguza, umeme mwingi kupita kiasi na joto, kiko pale pale. Baada ya kuweka mpya, punguza mwanga wa nyuma kwenye mipangilio. TV nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa mwanga wa juu kabisa ili zing'ae kuliko jirani zao kwenye rafu, na nyumbani hazihitaji hata nusu yake.

Narudi kwa huyo wa Sh30,000. Bei hiyo kwa 55 mpya ya 4K inanitia shaka, lakini shaka si ushahidi, kwa hivyo ipime. Soma kwanza maandishi ya boksi na ya nyuma ya TV. "Inakubali 4K" si sawa na "kioo cha 4K": ya kwanza inamaanisha inapokea picha hiyo kisha inaipunguza. Halafu mwombe aiwashe, aweke picha nyeupe tupu. Weka rula juu ya kioo bila kukandamiza, sogeza simu yako, tumia kioo cha kukuza kama simu haiwezi kulenga karibu, upige picha. Utaona vijiti vidogo vya nyekundu, kijani na buluu vimepangana. Kila vitatu ni nukta moja. Hesabu ndani ya sentimita moja kwa upana. Kwenye 55 ya kweli ya 4K utapata kama 31 au 32. Ukipata 16, umewekewa HD kamili ndani ya boksi la 4K. Kwa 43 hesabu ni kama 40, na 20 ikiwa ni HD kamili. Rula haidanganywi na stika.

Kama ni ya mtumba kutoka Uingereza, uliza pia tyuna yake, kile kifaa cha ndani kinachoshika chaneli za antena. Kenya tunarusha kwa DVB-T2, toleo la pili la mfumo wa dijitali wa antena, na TV nyingi za zamani za kule zina DVB-T ya kwanza tu. Hiyo haitashika chaneli bila king'amuzi, hata utafute mpaka alfajiri.

Mambo machache ya umeme na ya pwani yetu, kwa haraka. TV ya 32 hula kama wati 40 hadi 50, ya 55 mara nyingi hupita 100. Kwa saa sita kwa siku, ya 55 itakula kama yuniti kumi zaidi za tokeni zako kwa mwezi. Na usiiweke mkabala na dirisha la upepo wa baharini. Hewa ya chumvi hula zile riboni nyembamba za ukingoni mwa kioo, na ikishatokea mistari ya wima ya kudumu kwenye TV kubwa, bei ya kioo hukaribia bei ya TV nzima. Na kwa sababu ya stima kukatika na kurudi, TV iwe kwenye kinga inayochelewa kuwasha mpaka umeme utulie.

Anza na HDMI leo. Kaa nayo wiki moja, tazama mechi moja na taarifa ya habari za usiku kadhaa. Kama ukungu umeondoka na tatizo lililobaki ni udogo wa herufi, kata karatasi au boksi lenye upana wa sentimita 95 na urefu wa 54, hiyo ndiyo 43, na lingine la sentimita 122 kwa 69, hiyo ndiyo 55. Yabandike ukutani kwa tepu, ukae kochini na watoto, kisha ndipo umpigie simu muuzaji, rula mkononi.