Mashine moja ya kufyonza vumbi, nyumbani na kazini

Dada, umeuliza kama ile ya wati 2000 itafaa nyumbani na kwenye tenda yako ya kusafisha ofisi. Wati zisikuhadae: huo ni umeme inaokula, si nguvu ya kuvuta. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2017 mashine za majumbani hazitakiwi kuzidi wati 900, na zinafyonza vizuri tu.

Kwa kuwa utakutana na maji, chukua ya pipa inayofyonza maji na vumbi, kama za WD za kampuni ya Kärcher. Mashine ya kawaida iitwayo Henry, ya kampuni ya Numatic, ni imara kweli, ila ni ya vumbi kavu. Kabla ya kufyonza maji toa mfuko wa karatasi. Vumbi la saruji usiliguse bila mfuko: linaziba chujio, mota inachemka. Muulize muuzaji bei ya mifuko na chujio kabla hujalipa. Akibabaika, nenda duka jingine.